Jina Ambalo Bot Kibet Hakulitaja

Kama kesho ndiyo siku yako ya kwanza kusimama mahakamani, binti yangu, kunywa chai nusu kikombe tu. Nyinyi wavulana mnaosoma haya kunyweni mnavyotaka, maana hamjawahi kukosa mahali pa kwenda. Mahakama niliyoanzia kazi ya ukalimani, miaka ya hamsini, ilikuwa na choo cha Wazungu, na nyuma ya mikaratusi choo cha wanaume Waafrika. Cha mwanamke hakikuwako. Fundi hakusahau. Hakuna aliyemwambia kwamba mwanamke angeweza kuingia pale kwa sababu nyingine yoyote isipokuwa pingu, na mwanamke wa pingu alipelekwa kichakani, askari akisimama hatua chache kutoka kwake na kuangalia.

Naanza na choo kwa makusudi. Juzi walikuja nyumbani kwangu wasichana wanaosoma sheria, wamepanga vyumba kule Rhonda, mtaa wa Nakuru. Wanaandaa sherehe ya wanawake katika sheria. Kutakuwa na keki, kutakuwa na mgeni rasmi, na mmoja wao, mchangamfu kweli, akaniita bibi kwa lugha yetu, akaniambia, "Kogo, utuandikie kitu kidogo kuhusu zamani. Lakini iwe positive, Kogo. Isikuwe ya kulia."

Nikamwambia haitakuwa ya kulia. Sikumwambia kwamba itakuwa ya hasira, kwa sababu alikuwa amenibebea mkate.

Mimi ni Raeli. Nimetafsiri mahakamani Kikipsigis, Kiswahili na Kiingereza tangu nilipokuwa msichana mpaka meno yalipoanza kunitoka na maneno yakaanza kupita katikati. Sikuwahi kuwa wakili. Nilikuwa nimesoma chuo kikuu kule Uganda, nikiwa mmoja wa wasichana wachache mno, na niliporudi nilikwenda kwa ofisa wa elimu nikamwambia nataka kusoma sheria. Akaweka kalamu chini, akaniuliza kwa upole kabisa, "Sheria? Na nani atakuoa?" Nikamwuliza kama wanaume wanaosoma sheria nao huulizwa hivyo. Akasema mimi ni mkaidi. Nikamwuliza mkaidi ni mtu wa namna gani. Mazungumzo yakaishia hapo, na nikapelekwa kuwa mkalimani msaidizi, wa muda, kwa ajili ya kesi za wanawake. Wakati huo wa hali ya hatari, siku za Mau Mau, wanawake walikuwa wanakamatwa kwa wingi, na serikali ilihitaji mwanamke wa kuwaambia kwamba wamekamatwa.

Mahakama yenyewe ilikuwa ndogo, ya mabati, katikati ya mashamba ya walowezi upande wa Njoro. Ilifungwa zamani, msihangaike kuitafuta. Hakimu alikuja kwa gari kila kulipokuwa na kesi, akalala kwenye klabu ya Wazungu. Kando ya mahakama kulikuwa na kituo cha polisi, na nyuma ya kituo uwanja wa kufungia ng'ombe na baiskeli na kila kitu kilichodaiwa kuibwa.

Mkuu wangu alikuwa Mzee Zakaria, Mkipsigis kama mimi, mwenye koti moja jeusi na kiburi cha makoti kumi. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, na alinifundisha vizuri. Sema "mimi" pale shahidi anaposema "mimi". Usiseme "anasema yeye". Usimwangalie hakimu usoni, angalia mdomo wa shahidi. Usibebe neno jipya ambalo hujalipima uzito wake. Usitafsiri ukiwa na njaa, maana mwenye njaa hufupisha. Haya yote bado ni kweli, yaandikeni.

Lakini alikuwa na ugonjwa wa kulainisha. Siku moja mzee mmoja aliyeshtakiwa kwa kulisha mbuzi shambani kwa mlowezi alimtazama hakimu, aliyekuwa amevaa kaptula, akasema kwa sauti, "Mtu mwenye miguu kama ya ndege wale wa ziwani atanifundisha nini kuhusu mbuzi?" Mzee Zakaria akainama kidogo, akasema kwa Kiingereza, "Anamheshimu sana Mheshimiwa." Mimi nikacheka. Hakimu akaniuliza nacheka nini, na kwa kuwa nilikuwa chini ya kiapo, nikamwambia. Akatazama miguu yake. Tangu siku hiyo alikuja na suruali ndefu, na Mzee Zakaria hakunisemesha mpaka Jumapili.

Sasa nisikilizeni kuhusu Bot Kibet.

Bot Kibet, yaani mama yake Kibet, aliishi na watoto wake kwenye shamba la mlowezi, kama familia nyingi wakati huo: unafanya kazi ya bwana, unapewa mahali pa kujenga na pa kulisha mifugo michache. Mume wake alikuwa jeshini, nchi ya Malaya huko Asia, akipigania mambo ambayo hakuna aliyewahi kumweleza. Bot Kibet alikuwa na ng'ombe mmoja, mwekundu, wa gredi, yaani wa mbegu ya Kizungu, ndio kwanza amezaa. Meneja wa shamba akasema ng'ombe huyo ni wa shamba, ameibwa. Ushahidi wake ulikuwa huu tu: Mwafrika atapata wapi ng'ombe wa gredi?

Bot Kibet alikuwa na jibu. Ng'ombe huyo alipewa na baba wa mume wake, siku alipoolewa. Mzee yule alikuwa mchungaji wa mifugo kwenye shamba hilo hilo, na alipoacha kazi alipewa mtamba badala ya shukrani. Sasa alikuwa amefariki.

Jibu zuri. Meneja, akiwa kizimbani, alisema, "Wachungaji wamepita wengi shambani kwangu. Anitajie huyo mtu, nami nitasema kama alipewa ng'ombe." Inspekta wa polisi, ambaye ndiye aliyekuwa mwendesha mashtaka, akamgeukia Bot Kibet: "Mtaje. Anaitwa nani?"

Kimya.

"Aliyekupa ng'ombe ni nani?"

"Mzee wa boma," akasema Bot Kibet.

"Jina lake."

Kimya. Akatazama vidole vya miguu yake.

Mzee Zakaria akasema kwa Kiingereza, "Amekataa kujibu, Mheshimiwa."

Mimi, msaidizi wake, nilikuwa nimekaa kando yake. Nikaanza kuinuka. Akanikanyaga mguu chini ya meza, kiatu kizima, na akaendelea kutazama mbele kama mtu anayesikiliza mahubiri.

Wasomaji wangu wengine hamtoki kwetu, kwa hiyo nieleze. Mke wa Kipsigis wa wakati ule hakutamka jina la baba wa mume wake. Si kwa hofu ya kupigwa. Halikutamkwa tu, kama vile wewe usivyovua nguo sokoni. Na mzee akifa ndiyo kabisa. Sasa mwanamke yule aliulizwa mbele ya wanaume wageni, chini ya kiapo, alitamke. Mara tatu.

Hakimu akafunga faili. Akasema atarudi kesho asubuhi, na kwamba mshtakiwa akiendelea kukataa kumtaja mtu huyo, mahakama itachukulia kuwa mtu huyo hakuwahi kuwako. Maana yake mngeielewa hata nyinyi wa mwaka wa kwanza. Kama mzee hakuwako, hakuna aliyetoa ng'ombe. Kama hakuna aliyetoa, ameibwa. Bot Kibet angekwenda jela, na watoto wake wangefukuzwa shambani mama yao akiwa huko.

Nilimfuata Mzee Zakaria nje.

"Mzee, unajua kwa nini hasemi."

"Najua."

"Basi mwambie hakimu!"

"Hakimu hakuniuliza. Raeli, mkalimani hutafsiri maneno. Mama yule hakusema neno. Nitafsiri nini?"

"Umesema 'amekataa kujibu.' Hayo maneno umeyatoa wapi? Yeye hakuyasema."

 Akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Una kichwa cha moto," akasema. "Siku hizi mtu anapelekwa kizuizini kwa kukohoa vibaya. Mkalimani akianza kueleza mila, kesho watasema ni mtu wa upande fulani. Nina watoto, binti."

Sikumchukia, na bado simchukii. Lakini nawaambia nyinyi mtakaovaa majoho: mahakama haihitaji watu waovu ili imfunge asiye na hatia. Inahitaji watu wenye watoto.

Wakili wa Bot Kibet alikuwa msichana. Jina lake Nirmala, Mhindi wa Nakuru, amesomea sheria Uingereza na kurudi na vyeti vyake vyote, na mjomba wake aliyekuwa na ofisi mjini akamweka chumba cha nyuma kuandika hati za mauzo. Kusimama mahakamani hakuruhusiwa. Siku hiyo mjomba alikuwa Nairobi kwa kesi kubwa, akamtuma aombe kesi iahirishwe, basi. Alipofika asubuhi, karani alimwonyesha benchi la wageni. Inspekta akamwuliza kama anamngojea mtu. Akasema, "Nakungojea wewe." Akaomba kesi iahirishwe, hakimu akakataa, na ndivyo Nirmala alivyofanya kesi yake ya kwanza, bila kujiandaa, na shahidi wake mwenyewe akanyamaza mbele yake kama ukuta.

Nilimkuta ameketi ndani ya gari la mjomba wake, anakula mkate wake peke yake. Nawaombeni mfikirie jambo hili mnapokaa kwenye mkahawa na rafiki zenu wa kila kabila na kila rangi. Katika wilaya nzima hapakuwa na meza moja ambapo mimi na yeye tungeweza kunywa chai pamoja. Hoteli za Wazungu zilimkataa yeye na mimi. Za Wahindi zilimkubali yeye. Za Waafrika zingetukubali sote wawili, halafu polisi wangekuja kumwuliza anatafuta nini huko. Kwa hiyo yeye alikaa kwenye gari na mimi nikasimama nje, naongea kupitia dirishani kama anayeuza mayai.

"Dada," akaniambia, "yule mama ana nini? Hata mimi nimemwuliza, ananitazama tu."

Nikamweleza.

"Hata kama atafungwa?"

"Hata."

"Huo ni ujinga."

"Na mimi naona hivyo," nikasema, na nilimaanisha. Nilikuwa kijana wa kuuliza maswali, na sikuona kwa nini jina la mtu liwe zito kuliko mtu mwenyewe.

Akatafuna kidogo, kisha akaanza kucheka, cheko la hasira. "Unajua mama yangu hajawahi kumwita baba kwa jina? Tangu waoane. Humwita 'sikia'. Akienda posta kuchukua barua za baba, hunichukua mimi nikaseme jina pale dirishani. Nimesoma sheria mpaka London, dada, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa hiyo: kumsemea mama jina." Akafungua mlango. "Tutafute mtu wa kusema. Wale wanawake pale wametoka wapi?"

Chini ya mikaratusi walikaa wanawake waliokuja na Bot Kibet kutoka shambani, kwa miguu, ili wawe mashahidi. Wanaume wa shamba hawakuja. Aliyekuja angefukuzwa kazi. Nirmala alichuchumaa mbele yao na sketi yake nzuri, mimi nikatafsiri.

"Nani hapa anamjua mzee aliyetoa ng'ombe?"

Wote wanamjua.

"Nani atasema jina lake kesho?"

Wakatazamana. Wa kwanza akasema, "Mimi nimeolewa na mdogo wake mume wa Bot Kibet."

"Na wewe?"

"Mimi na mkubwa wake."

"Na wewe, mama?"

"Mimi ni mke wa ndugu yake mzee, na huyu hapa ni mke wa mtoto wangu. Sisi sote ni wake wa boma moja, mwanangu. Ukitaka jina hapa, muulize ng'ombe."

Wakacheka mpaka wengine wakafuta machozi, na hayakuwa machozi ya kicheko. Walikuwa wameacha kazi, wakaacha watoto, wakatembea mpaka pale kumtetea mwenzao, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amefikiria kwamba mahakama ingetaka kitu kimoja tu, na kwamba kitu hicho wote kwa pamoja hawawezi kukitoa.

"Mzee hakuwa na binti?" nikauliza. Binti wa boma anaweza kutaja jina la baba yake.

Wakaacha kucheka. Mkubwa wao akatema mate kando. "Anaye. Yuko Nakuru, Bondeni. Anapika pombe. Hatusemezani naye."

Kabla ya kuondoka tuliingia kumwona Bot Kibet mahabusu. Wakili anaruhusiwa, na mkalimani wake. Nilijaribu njia yangu kwanza. Nilimwambia kwa lugha yetu, "Mama, liseme mara moja tu. Wazungu hawataelewa ulichosema. Uende nyumbani kwa watoto."

 Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, mwenye sauti ya chini.

"Wewe umesoma," akasema. "Ukisema jina la mkweo, utabaki na masomo yako. Mimi nikilisema, nitarudi kwa akina nani? Watoto wangu watakunywa maziwa ya ng'ombe huyo huku wakiambiwa, mama yenu alimvua nguo babu yenu mbele ya polisi. Ng'ombe wamemchukua kwa nguvu. Hili haliwezi kuchukuliwa kwa nguvu, ni mpaka mimi mwenyewe nitoe. Sitoi."

Nilikuwa na majibu mengi. Nilikuwa na majibu kwa kila kitu wakati huo. Nikayameza, na tukaendesha gari kwenda Nakuru kabla ya saa ya kafyu.

Tapsubei, binti wa yule mzee, alikuwa mwanamke mkubwa, mikono kama ya mpasua kuni. Alituona tukiingia uani, akasimama mbele ya pipa kulificha, jambo ambalo halikusaidia, kwa sababu harufu ilikuwa imetupokea tangu barabarani.

"Nani amekufa?"

"Hakuna," nikasema.

"Basi ni polisi."

"Huyu ni wakili."

"Afadhali polisi, polisi nimewazoea. Mnataka nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza huku akikoroga, na nilipotaja Bot Kibet akakoroga kwa nguvu zaidi.

"Huyo! Mke wa kaka yangu! Mara ya mwisho nilikwenda kwake kuwaona watoto, akaniambia ninawe mikono kwanza, nisiingize harufu ya busaa nyumbani. Na ng'ombe mwenyewe, nani alimwambia ni wake? Mimi ndiye niliyempeleka malishoni akiwa mtamba. Leo ananiita?"

"Hajakuita. Hajui tumekuja."

"Kumbe. Hata kuniita hataki, bado ananidharau."

"Atafungwa, dada," Nirmala akasema kwa Kiswahili.

"Wamfunge. Atajifunza kuosha mikono ya wengine."

Tulikuwa tumeshindwa, na jua lilikuwa linakwenda. Nirmala aligeukia mlango. Mimi nilikuwa na hasira tu, sikuwa na mpango wowote, nikasema ili nimwumize, "Haya. Hakimu amesema baba yako hakuwahi kuwako. Kesho ataiandika iwe kweli."

Mti wa kukorogea ukasimama.

"Amesema nini?"

"Kwamba mtu huyo hakuwako."

"Baba yangu hakuwako?" Akauweka ule mti chini taratibu. "Baba aliyelala na ng'ombe wao kwenye baridi ya milima ya Mau mpaka kifua kikaoza? Aliyewazalisha mitamba yao kwa mikono yake? Hakuwako? Hakimu ni yule mwembamba?"

"Ndiye."

"Namjua. Ameshanifunga huyo." Akafungua kitambaa cha kichwa na kukifunga upya, kwa nguvu. "Simpendi mke wa kaka yangu, na mkamwambie hivyo. Mnanichukua saa ngapi?"

Asubuhi hakimu alipomwona akipanda kizimbani aliweka miwani vizuri. "Wewe tena?"

Mzee Zakaria akatafsiri, na Tapsubei akajibu, "Mimi tena. Lakini leo nimekuja kwa miguu yangu."

Inspekta akapinga. Akasema shahidi huyu ni mvunja sheria anayejulikana. Nirmala akasimama, akasema kwamba sheria haimwulizi mtu kama anapika pombe kabla ya kumwuliza baba yake ni nani. Hakimu akakuna kidevu, akaruhusu.

"Mzee aliyempa mshtakiwa ng'ombe alikuwa nani wako?"

"Baba yangu."

"Jina lake?"

Wake wa boma wote waliokuwa kwenye benchi la nyuma wakainamisha vichwa kwa pamoja. Mmoja akaziba masikio. Bot Kibet akafumba macho.

"Kimosop arap Terer," akasema Tapsubei, kwa sauti ambayo ilisikika mpaka kituo cha polisi. "Kimosop arap Terer, mchungaji. Na yule pale," akamnyoshea meneja mkono mzima, "amekula mgongo wake mpaka akashiba, na leo anajifanya amesahau! Ana uso mwekundu kama matako ya nyani, na anajua kwa nini!"

Mzee Zakaria akavuta pumzi. Nikangojea alainishe. Akatafsiri yote, neno kwa neno, na nyani akiwemo, kwa Kiingereza safi cha misheni.

Meneja akaitwa tena. Alikuwa ameshaahidi chini ya kiapo kwamba akitajiwa mtu atasema kama alipewa ng'ombe. Sasa alitajiwa. Akageuka rangi, akasema ndiyo, alimkumbuka, mchungaji mzuri, na ndiyo, huenda alipewa mtamba, mdhaifu, ambaye hakuna aliyedhani angepona. Mimi ninaamini mpaka leo kwamba mtu yule, aliyeishi na Wakipsigis tangu ujana wake, alijua tangu mwanzo kwamba mke hatalisema jina, na ndiyo maana alilidai. Siwezi kuthibitisha. Ndiyo sababu bado nina hasira.

Bot Kibet aliachiliwa. Hakimu, kabla ya kuinuka, alimsifu meneja kwa kusema kweli. Alimwonya Bot Kibet kwamba ukaidi wake ulipoteza muda wa mahakama. Kisha akamtazama Nirmala na kutabasamu: "Mwambie mjomba wako amefanya kesi vizuri."

Hebu rudieni sentensi hiyo. Mjomba alikuwa Nairobi.

Tulikwenda nyuma ya kituo kumchukua ng'ombe. Bot Kibet akapitisha mkono chini ya kiwele, akasimama wima. Kiwele kilikuwa kitupu, na vidole vyake vilitoka na maziwa mabichi.

"Nani amemkamua?"

Askari walikuwa wamesimama kando ya jiko lao, na sufuria ya chai juu ya moto ilikuwa nyeupe kama shuka. Nikatafsiri. Mmoja akatazama mawingu. Koplo akatazama viatu vyake.

"Watoto wangu wamekunywa chai ya rangi tangu mlipomchukua," akasema. "Nani alikunywa maziwa? Nataka jina."

Inspekta akatoka akauliza kelele ni za nini. Nikamweleza kwamba mama anataka jina la mtu mmoja tu. Akawatazama askari wake, askari wakatazama ardhi. Hakuna aliyejibu, na hakuna aliyeitwa mkaidi, na hakuna aliyewekwa ndani mpaka asubuhi. Tapsubei alicheka mpaka akashika nguzo. Mimi sikucheka.

Mngependa niishie hapo, najua. Hapo ndipo mahali pa keki. Lakini mwezi haukuisha kabla meneja hajawaondoa wote shambani, Bot Kibet na wake wote wa boma na watoto wao, kwa kuwa mkataba wao wa kukaa ulikuwa mkononi mwake na sheria ilimruhusu kuufuta bila kutoa sababu. Mimi na Nirmala tuliwakuta barabarani, mizigo kichwani, ng'ombe na ndama mbele. Tapsubei alikuwa nao, amebeba mtoto wa wifi yake mgongoni na bado wanagombana, Tapsubei akisema ndama ni wake, Bot Kibet akisema labda, akishajifunza adabu. Mahakama ilikuwa imempa Bot Kibet ng'ombe wake, na hakuwa na unyasi mmoja wa kumlisha katika nchi nzima aliyozaliwa.

Kwa hiyo hili ndilo nililo nalo la kuwafundisha, nyinyi mnaohesabu mmekuwa wangapi darasani, na ni vizuri mmekuwa wengi, nami nafurahi kweli. Mkishinda kesi msikimbilie kupiga picha kwenye ngazi. Mfuateni mteja mpaka nyumbani. Muulizeni atamfunga wapi ng'ombe usiku huu. Na mkiona mtu amenyamaza mahakamani, msiandike "amekataa" kabla hamjajua ni nini anachokilinda.

Siku ile Nirmala alisimamisha gari, akawatazama mpaka walipopotea kwenye vumbi. Nilikuwa nimeshafukuzwa kazi kwa kuzungumza na wakili wa upande mmoja, na yeye alikuwa ameshaniajiri, na mjomba wake alikuwa bado hajaambiwa.

"Lazima kuna sheria," nikamwambia. "Wewe ndiye uliyesoma. Inasema nini?"

"Nimeisoma yote," akasema. "Iko upande wao."

Kisha akageuza gari, tukarudi Nakuru, akaingia chumba cha nyuma, akavua koti, akaanza kuandika rufaa ambayo hapakuwa na mahakama yoyote ya kuipokea. Mimi nikavuta kiti. Alikuwa akiandika kwa Kiingereza, nami nikiweka pembeni, kwa Kikipsigis, maneno ya Bot Kibet kama alivyoyasema.